Unataka kuacha kazi uandike riwaya za kijasusi? Wakongwe hawakufanya hivyo

Ukisimama Irente, Lushoto, Mazinde na nyika vikiwa mbali chini ya jabali, riwaya ya kijasusi inajiandika yenyewe kichwani. Ila usiache kazi kwanza.

Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", na bado akawa mhariri wa jarida la Mkulima hadi alipostaafu 1968. Elvis Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Ben Mtobwa wa Joram Kiango alikuwa mwanahabari na mchapishaji.

Sababu ni pesa. Mrabaha huja baada ya kitabu kuuzwa, na nakala feki hazimlipi mwandishi kitu. Mwenye nyumba naye hasubiri.

Mchana mshahara, usiku riwaya.