Goti la Wissa, ganti za Fayulu: nani anaandika listi ya ekipe?

Rabat, tarehe 16 mwezi wa 11, 2025. Congo na Nigeria wako 1-1, muda wa nyongeza unaisha, penalti zinakaribia. Mukufunzi Sébastien Desabre anamwita Timothy Fayulu avae ganti. Anayetoka ni Lionel Mpasi. Wengi walishika kichwa: namna gani unamutoa Mpasi saa ya penalti? Si njo yeye aliyefunga penalti ya mwisho juu ya Misri kule San-Pédro, mwezi wa 1, 2024, tukashinda 8-7? Bila ile penalti, Léopards hawangefika nusu fainali ya CAN. Lakini Fayulu aliingia, akazuia, na Chancel Mbemba akapiga ya mwisho. 4-3. Nigeria nyumbani.

Tunapenda kusema kama mukufunzi njo anaandika listi. Ni kweli nusu. Nusu ingine inaandikwa na goti, paja na kifundo cha muguu.

Tuangalie Yoane Wissa. Msimu wa 2024-2025 alifunga mabao 19 katika ligi ya Uingereza akiwa Brentford. Mwanzo wa mwezi wa 9, 2025, Newcastle wakamununua kwa bei kubwa sana. Siku chache tu baadaye, tarehe 9, yuko uwanja wa Martyrs, Kinshasa, mbele ya Senegal. Bakambu anafunga, Wissa anafunga, 2-0. Kisha Senegal wanarudisha moja, mbili, tatu. Tukapoteza 3-2, na Wissa akaumia goti. Ile siku ilitupokonya vitu viwili: nafasi ya kwanza ya kundi, na mushambuliaji wetu. Mwezi wa 11, Cameroun na Nigeria walipokuja mbele yetu, Wissa hakuwako. Alirudi kucheza na Newcastle mwezi wa 12 tu.

Sasa mukufunzi anafanya nini? Mutu asiyejua mupira anafikiri ni kutoa jina moja na kuweka lingine. Weye unayeshuka kwenye shimo unajua haiko vile. Siku mwenye kupiga mwamba anaanguka na homa, haumuchukue mwenye kuosha muchanga ukamuweka palepale. Aliyekuwa anavuta mifuko anaingia ndani, wa kuosha anakuja kuvuta, na kule kwenye maji munatafuta kijana mwingine. Mutu mumoja akiumia, watatu wanahama. Mupira ni vile vile. Mbele ya Nigeria, aliyesawazisha dakika ya 32 ni Meschack Elia. Mbele ya Cameroun, siku tatu kabla, bao moja la pekee lilitoka kwa Mbemba, beki, kapiteni, katika dakika za nyongeza. Mabao ya Wissa hayakuwako, basi yalitafutwa pahali pengine.

Kitu cha pili kinachogeuza listi ni mukufunzi mupya. Mwaka 2022 Léopards walikuwa chini ya Héctor Cúper, mutu wa Argentina. Mwezi wa 3 Marocco wakatufungia mulango wa Kombe la Dunia, 4-1 kule Casablanca. Mwezi wa 6 tukapoteza na Gabon, tukapoteza na Sudan. Cúper akaenda, mwezi wa 8 Desabre akaingia. Mukufunzi mupya hana deni na mutu. Aliyelala kwenye banki anaamuka. Aliyezoea kuitwa kila mara anaanza kuhesabu siku. Na Desabre hakufunga listi yake: mwaka 2025 akamuingiza Aaron Wan-Bissaka, beki aliyezaliwa London na aliyekuwa amechezea vijana wa Uingereza. Kuna waliolalamika, kama kawaida. Mimi nasema mukufunzi anayeogopa malalamiko ya banki, heri auze mikate.

Wazee wetu wanaofuata TP Mazembe wanakumbuka 2010. Ule mwaka Trésor Mputu, muchezaji aliyebeba ekipe nzima, alisimamishwa na FIFA miezi 12 juu ya fujo na mwamuzi kule Kigali. Haikuwa goti, lakini kwa listi ni kilekile: jina kubwa limetoka. Na katikati ya safari mukufunzi pia akabadilika, Diego Garzitto akaondoka, Lamine N'Diaye wa Senegal akachukua. Ukiongeza moja na moja, ungesema Mazembe wamekufa. Walipiga Espérance ya Tunis 5-0 pale Lubumbashi, wakachukua kombe la Afrika. Mwezi wa 12, kule Abu Dhabi, wakashinda Pachuca 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, mabao ya Kabangu na Kaluyituka. (Na Kidiaba akirukaruka kwa matako, nani amesahau?) Inter ya Milan njo iliwasimamisha katika fainali, 3-0. Kabla yao hakuna ekipe ya Afrika iliyofika fainali ile. Kwa maoni yangu siri ilikuwa moja: hawakutafuta Mputu mwingine. Kazi yake waligawana.

Lakini kubadilisha mutu si dawa kila mara. Kombe la Dunia 1974, Gelsenkirchen, Zaïre na Yugoslavia. Tuko nyuma 3-0 dakika ya 21, na mukufunzi Blagoje Vidinić anamutoa mulinda lango Kazadi, anamuingiza Tubilandu. Tubilandu hajashika mupira vizuri, la ine limeingia. Ikaisha 9-0. Fayulu na Tubilandu wote waliitwa kutoka banki saa ngumu. Tofauti ni hii: mumoja aliitwa kwa kazi moja, penalti, yenye kujulikana, mwingine alitupwa ndani ya moto ekipe ikiwa imekwisha kuvunjika.

Tuje sasa huku kwetu Tshopo. Wissa akiumia, Newcastle iko na madaktari, na mushahara unaingia. Kijana wa Lubunga ao wa Banalia anayecheza siku ya Yenga na kushuka kwenye shimo siku ya Kwanza, akikunja kifundo cha muguu anapoteza nafasi mbili: ya kwenye listi na ya kwenye shimo. Njo maana anaficha. Anafunga kitambaa, anacheza, na kile kilichohitaji juma mbili kinakula miezi. Mukufunzi naye anaandika jina la mutu ambaye muguu wake umekwisha kutoka zamani.

Basi, kwa mama na dada wanaobaki na huyu kijana nyumbani: goti likijipinda na kuvimba ndani ya saa chache, ao akisema alisikia kitu kimelia «ta» ndani, musimukande kwa nguvu na maji ya moto. Siku mbili za kwanza ni kupumuzika, kitambaa chenye maji ya baridi sana, muguu juu ya mto. Akishindwa kukanyaga, ni hospitali.

Na kwa viongozi wa ekipe za mitaa: likelemba tunaijua wote. Kila mutu akiweka kidogo kila juma, yule aliyeumia anapata cha kula nyumbani, hatakuwa na sababu ya kuficha. Mulinda lango wa pili naye, mumupe mechi mbili tatu za kirafiki, munone penalti anazuia namna gani. Siku atakapoitwa, hapatakuwa muda wa kumujaribu.