Kipimo cha DNA na Ukoo wa Baba

Hapa Tana River swali la "baba yako ni wa wapi?" laweza kuleta ugomvi wa ardhi. Siku hizi kuna kipimo cha DNA. Kwa mate tu, husomwa kromosomu ya Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume peke yake. Mama akitaka kujua, hupimwa kaka yake.

Mwaka 2023 wanasayansi walieleza mifupa ya kale ya Manda na Mtwapa: wengi, upande wa baba ulitoka Uajemi, wa mama hapa Afrika.

Lakini tuangalie! Vizazi 10 nyuma, hesabu ya mababu na nyanya yafika 1,024. Kipimo hiki chaonyesha mmoja tu. Hakitaji kabila, wala hakigawi shamba. Hayo tuyamalize barazani.