Fahamu: Shule nchini Kenya inaweza kusema nini kuhusu afya na mwenendo wa mwanafunzi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Data ya mtoto, kwa kawaida, haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi.

Nani aambiwe?

Anayemhudumia mtoto. Mwenye kifafa akianguka bwenini usiku, mlezi wa bweni anapaswa kujua la kufanya: amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, asimtie chochote kinywani. Bila habari hiyo, mtoto yumo hatarini. Lakini wanafunzi wenzake hawana haja ya kusomewa faili lake.

Virusi vya Ukimwi

Hapa sheria ni kali zaidi, na ni haki iwe hivyo. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa, na shule hairuhusiwi kumfukuza mwanafunzi kwa sababu hiyo tu.

Mwenendo

Utovu wa nidhamu huzungumzwa na mzazi wa mtoto husika, si gwarideni wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Lakini dhuluma ya kingono haifichwi, hata mshukiwa akiwa mwalimu: waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayemshuku mwenzake aripoti.

Adhabu

Mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.