Kutoka Peni 70 Hadi 30: Msaada wa Uingereza Umekwendaje?

Habari za Uingereza kupunguza misaada ya nje zikitajwa kwenye mikusanyiko yetu sisi Waafrika Mashariki tunaoishi hapa, watu hugawanyika. Wengine husema hali ni ngumu, serikali ianze na watu wake. Wengine husema ahadi ni deni. Kabla ya kuchukua upande, tuitazame hesabu yenyewe.

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato la taifa kusaidia maendeleo ya nchi maskini, yaani peni 70 katika kila pauni 100. Uingereza ililifikia lengo hilo mwaka 2013, wakati serikali ya David Cameron ikibana matumizi na kuzipunguzia halmashauri mafungu. Mwaka 2015 Bunge likaliweka kwenye sheria.

Sheria hiyo, hata hivyo, haina meno. Lengo lisipofikiwa, waziri anatakiwa tu kulieleza Bunge sababu. Mwaka 2020 korona iliuporomosha uchumi, na kwa kuwa msaada ni asilimia ya pato, nao ukashuka papo hapo: mwezi Julai serikali ilitangaza kupunguza pauni bilioni 2.9. Novemba, Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri wa Fedha, akatangaza kwamba kiwango chenyewe kitashuka hadi asilimia 0.5. Julai 2021 wabunge 333 waliunga mkono masharti ya kurudi kwenye 0.7, 298 wakapinga. Masharti yalikuwa kwamba serikali iache kukopa kwa matumizi ya kawaida na deni la taifa lianze kupungua.

Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba kiwango kitashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Waziri wa Maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu.

Tena si pesa zote za msaada zinazovuka bahari. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za kumtunza mkimbizi katika miezi 12 ya kwanza zihesabiwe kuwa msaada. Kwa hiyo mwomba hifadhi kutoka Kongo akiwekwa hotelini hapa Uingereza, chumba na chakula chake vinaweza kuingizwa kwenye fungu hilo hilo. Mwaka 2023 gharama za aina hiyo zilifika pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wote.

Huko nyumbani mkato unaonekana. Mwaka 2021 mradi wa ASCEND, uliopambana na kichocho, matende na trakoma katika nchi kadhaa zikiwemo Tanzania na Uganda, ulikatishwa kabla ya muda wake. Dawa za magonjwa haya hugawiwa kwa jamii nzima, mwaka baada ya mwaka. Mzunguko ukikatika, maambukizi hupata nafasi ya kurudi.

Hoja ya hali ngumu ina uzito, ila asilimia tayari imeizingatia: pato likipungua, msaada hupungua bila mtu kugusa kitu. Kushusha kiwango juu ya hapo ni kukata mara mbili, na huo ni uamuzi wa kisiasa.

Wa kuulizwa kuhusu uamuzi wa kisiasa ni wanasiasa. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kwa kibali halali wana haki ya kupiga kura ya ubunge hata bila pasipoti ya Uingereza, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Waliotoka Kongo na Burundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, lakini mbunge wa eneo lao ni mbunge wao pia. Kama una haki ya kupiga kura na hujajiandikisha, jiandikishe, kisha mwandikie mbunge wako umuulize mambo mawili: ni kiasi gani cha msaada kinabaki humu humu nchini, na asilimia 0.7 itarudi lini?