Kutoka GT86 kwenda GR86: kujaribu gari mpya wakati ya zamani ingali yako

Toyota ni jina lisilohitaji maelezo Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi. Tunaijua kwa Land Cruiser za mashirika, kwa Hilux zinazopanda milima na kwa taksi za kila siku. Lakini kampuni hiyo hiyo hutengeneza pia gari ndogo ya spoti, ya milango miwili, iliyo chini sana na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa ao Uingereza wanaikuta barabarani kwa majina mawili: GT86, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2012, na GR86, iliyoichukulia nafasi.

Kwa mwenye GT86, swali huja siku moja: niiuze, niongeze pesa, ninunue ile mpya? Muuzaji atamwambia njoo ujaribu. Nusu saa ya kuendesha inatosha kumfanya mtu atie sahihi. Nusu saa hiyo hiyo, ikitumiwa vizuri, inaweza kumwonyesha kwamba kitu anachokitafuta kiko katika gari aliyokuja nayo.

Familia moja, moteri mbili

Namba 86 inatoka mbali. Mwaka wa 1983 Toyota ilitoa Corolla Levin na Sprinter Trueno zilizopewa alama ya AE86. Zilikuwa nyepesi, zenye kusukuma kwa nyuma, na vijana wa Japani wakazipenda sana kwenye barabara za milimani. GT86 ilitengenezwa kwa kukumbuka hizo. Toyota na Subaru zilishirikiana: gari zinaundwa katika kiwanda cha Subaru huko Gunma, na ndugu yake anauzwa kwa jina la Subaru BRZ.

Moteri ya GT86 ni ya litre 2, silinda nne zilizolala chini, mbili kila upande. Upana wa kila silinda ni milimita 86, na safari ya pistoni ni milimita 86 vilevile. Inatoa nguvu za farasi 200, lakini kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Nguvu ya kusukuma, ile mekanisie wanaiita kuple, ni niutoni-mita 205, nayo inafika juu sana, kati ya mizunguko 6,400 na 6,600.

Hapo ndipo lalamiko kubwa la wenye GT86 lilipozaliwa. Ukikanyaga ukiwa katikati, kwenye mizunguko 3,500 hadi 4,500 hivi, gari inaonekana kama inavuta pumzi kabla ya kuendelea. Si ugonjwa. Moteri ndivyo ilivyo. Ukitaka kumpita lori kwenye mlima, lazima ushushe vitesi moja ao mbili kwanza.

GR86, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Aprili 2021, ilijibu lalamiko hilo moja kwa moja. Silinda zilipanuliwa hadi milimita 94, moteri ikafika litre 2.4. Ulaya iliuzwa na nguvu za farasi 234. Farasi hao 34 wa ziada si habari kubwa kuliko hii: kuple imepanda hadi 250, na inafika kwenye mizunguko 3,700 tu. Ni pale pale ambapo GT86 ilikuwa inasinzia. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, GT86 ya vitesi vya mkono inatumia sekunde 7.6. GR86 inatumia 6.3.

Uzito haukuongezeka sana, kwa sababu paa na mabawa ya mbele ni ya aliminiyamu. Mwili umekazwa zaidi, na sahani za mbele ya shofere zimekuwa kioo cha kidijitali.

Mlango uliofungwa Ulaya

Kuna jambo linalobadilisha hesabu kwa anayeishi katika Umoja wa Ulaya. Tangu Julai 2024, gari yoyote mpya inayoandikishwa huko lazima iwe na vyombo vipya vya usalama: kinachomwonya shofere akipita mwendo unaoruhusiwa, kinachotambua usingizi, kinachofunga freni chenyewe kwenye hatari, na vingine. Toyota iliona kwamba kuiunda upya gari ya bei hii na inayouzwa kwa idadi ndogo hakuwezi kulipa. Kwa hiyo GR86 ikauzwa Ulaya kwa muda wa miaka miwili hivi, tangu 2022, kisha basi. Japani na Marekani iliendelea kuuzwa.

Maana yake, anayeenda leo kujaribu GR86 Brussels ao Liège anajaribu gari iliyokwisha kutumiwa. Hiyo ni kazi mbili kwa mara moja: kupima kama aina hii mpya inashinda yake, na kupima kama gari hii moja, iliyo mbele yake, ilitunzwa vizuri. Watu wengi wanafanya kazi ya kwanza na kusahau ya pili, kwa sababu furaha ya kukanyaga inawameza.

Maswali ya kazi ya pili yanajulikana na kila mekanisie. Vidanji zilifanywa tarehe gani, na karatasi ziko wapi? Gari hii ilipelekwa kwenye viwanja vya mashindano? Pine zote nne ni za aina moja, na zimelika sawasawa? Garantii ya kiwanda bado inaendelea? Akikosa majibu ya maandishi, hata gari ikienda kama mshale, bei inapaswa kushuka.

Tengeneza yako kwanza

Kosa la kawaida katika majaribio ya namna hii ni la mizani. Mtu anatoka katika GT86 ya miaka kumi, yenye amortisere zilizochoka, pine zilizolika na mipira ya suspansioni iliyokauka. Anaingia katika gari ya miaka miwili. Kila kitu kinaonekana kigumu, sahihi, chenye uhai. Anasema: hii mpya ni nzuri mara mbili. Lakini sehemu kubwa ya tofauti aliyoisikia ni tofauti kati ya mpira mzee na mpira mpya.

Pine ndizo mfano ulio wazi zaidi. GT86 nyingi zilitoka kiwandani na Michelin Primacy za inchi 17, aina iliyofanywa kwa safari tulivu na kupunguza mafuta. Toyota ilizichagua makusudi, ili gari iteleze kidogo kwa mwendo mdogo na shofere acheze. GR86 za Ulaya zilikuja na Michelin Pilot Sport 4 za inchi 18, zenye kushika lami kwa nguvu zaidi. Anayejaribu bila kujua hilo atasema suspansioni mpya ni ya ajabu, kumbe pine zina sehemu yao kubwa. Na pine zinauzwa: unaweza kuzifunga kwenye gari yako wiki ijayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba ufunguo wa gari ya mwingine, mpe yako siku moja ya garaji. Jaza upepo katika pine kwa kipimo cha kitabu, badilisha mafuta ya moteri, angalia freni na amortisere. Mwenye gari za mwanzo, za 2012 na 2013, aulize pia kama yake ilipita katika mwito wa mwaka 2018, wakati Toyota na Subaru ziliita gari hizo zibadilishwe resori za supapu. Kisha uiendeshe kwenye barabara ile ile utakayotumia kwa jaribio. Bila hivyo unapima gari mpya kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya gari uliyoizoea ni dhaifu: inakumbuka kasoro na kusahau raha.

Nini cha kusikiliza katika nusu saa

Fika gari ikiwa baridi. Gusa kifuniko cha moteri kabla ya kuwasha. Kikiwa na joto, uliza kwa nini. Moteri iliyowashwa kabla hujafika inaweza kuficha sauti mbaya za asubuhi.

Uliza pia, kabla ya kutoka, ni nani analipa tukigonga. Katika karatasi ya jaribio mara nyingi kuna sehemu ambayo asiransi hailipi, ikabaki juu ya aliyeshika usukani. Isome kiasi chake.

Zima redio. GR86 inatumia spika zake kuongeza sauti ya moteri ndani ya gari, kwa hiyo sehemu ya mngurumo unaousikia ni ya kompyuta. Fungua kioo ili usikie sauti yenyewe. Kama mngurumo ndio uliokuvuta, ni vizuri kujua unatoka wapi.

Kisha fanya jaribio moja muhimu kuliko yote. Tia vitesi ya tatu, acha gari iende taratibu kwenye mizunguko 2,500, kanyaga kwa utulivu na usishushe vitesi. Katika GT86 utasikia ule unyonge wa katikati. Katika GR86 gari inasonga mbele bila kusita. Hii ndiyo tofauti ambayo pine mpya wala amortisere mpya haziwezi kukununulia. Kama shida yako ya kila siku ilikuwa hapo, kwenye mlima, kwenye kuingia barabara kuu, kwenye kumpita lori, basi GR86 imekujibu kweli.

Kama unapenda kupandisha moteri hadi mizunguko 7,000 na kuisikia ikilia, utagundua jambo lingine. GR86 ni rahisi kuendesha haraka, lakini GT86 inakulazimisha ufanye kazi, na wengine walinunua gari hii kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Usibaki kwenye lami laini peke yake. Brussels ina barabara nyingi za mawe yaliyopangwa. Pita hapo kilomita moja, kwa sababu utaishi hapo kila siku. Rudi nyuma kwenye maegesho ya duka. Jaribu kumkalisha mtu mzima kiti cha nyuma: katika gari zote mbili viti hivyo vinafaa mikoba na watoto wadogo, na miaka tisa kati ya moja na nyingine haikubadilisha hilo. Mwenye kutafuta gari kubwa zaidi kwa sababu familia imeongezeka hatapata jibu hapa.

Mwisho, ukishuka tu, ingia tena katika yako na upite njia ile ile siku hiyo hiyo. Watu wengi wanakwenda nyumbani wakiwa bado wamelewa gari mpya. Ukirudi katika yako na kitu kinachokuudhi ni kimoja tu, andika kitu hicho. Vikiwa vitano, andika vyote vitano, kisha mpe mekanisie wako orodha akuambie vingapi vinatengenezeka na kwa pesa ngapi.

Hesabu isiyo katika kibao cha bei

Uingereza, GT86 ilipoanza kuuzwa mwaka wa 2012, bei ilianzia pauni 24,995. GR86 ilianzia pauni 29,995. Lakini bei ya gari si mwisho wa malipo.

Brussels, kodi ya kuandikisha gari kwa mara ya kwanza ilipangwa kwa ngazi za nguvu ya moteri katika miaka ambayo gari hizi ziliuzwa. GT86 ina kilowati 147, na ngazi yake ilikuwa ya kilowati 121 hadi 155. GR86 ina kilowati 172. Kwa kuvuka 155 ilikuwa inaingia ngazi ya juu kabisa, ambayo kwa gari mpya ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya chini yake. Kwa gari iliyotumiwa kodi hupungua kadiri inavyozeeka, lakini kuruka ngazi kunabaki. Ongeza asiransi, ambayo nayo inaangalia nguvu ya gari na umri wa shofere.

Weka jumla hiyo upande mmoja. Upande wa pili weka bei ya pine nzuri, amortisere mpya na kazi ya garaji kwa GT86 yako. Upande huu wa pili ni mdogo sana kuliko ule wa kwanza. Swali la kweli basi ni hili: ile nguvu ya katikati, kwenye mizunguko 3,700, ina thamani ya tofauti hiyo yote kwako? Kuna mtu atakayejibu ndiyo bila kudanganyika. Lakini ajibu akijua kwamba analipia kitu hicho, asidhani analipia vyote alivyovisikia katika nusu saa.

Na hapa kwetu?

Gari hizi hazikufanywa kwa barabara zetu. Tumbo lake liko karibu sentimeta 13 tu juu ya ardhi, na mawe ya volkano ya Goma hayamhurumii mtu. Moteri yake inabana sana na inataka esanse safi ya kiwango cha juu. Bidoni ya kadafi pembeni ya barabara si chakula chake. Zaidi ya hayo, zile za bei nafuu zinazotoka Japani zina usukani kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara.

Hata hivyo, anayetoka katika Carina ya zamani akienda kujaribu RAV4 ya karibuni anaingia katika mtego ule ule. Gari yake haijaona amortisere mpya tangu ainunue, halafu anashangaa ile nyingine inavyotulia kwenye mashimo. Atengeneze kwanza ile aliyo nayo, apite na zote mbili njia anayopita kila siku, siku moja. Baada ya hapo, ajiulize ni kitu gani kimoja ambacho fundi wake hawezi kumpatia. Akikosa kukitaja, pesa zibaki mfukoni.