Beit el Ajaib na Pembe za Maniema

Tanzania, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ina kilomita za mraba zipatazo 947,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo 1,889,773 wa Zanzibar. Kuhusu uvuvi, utalii na mvua zake, vitabu vya jiografia vinatosha. Kinachomhusu mtu wa Kasongo au Kabambare, kwetu Maniema, ni jumba moja la Mji Mkongwe wa Zanzibar: Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said wa ukoo wa Busaidi mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na dhifa zake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kila ghorofa ilizungukwa na baraza pana, zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu, na milango mikubwa ya nakshi ilichongwa aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Umeme uliwaka humo kabla ya jengo lingine lolote la Zanzibar.

Nani alilipa? Wengi watajibu karafuu. Lakini kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na mche mpya huchukua miaka kadhaa kuzaa. Mwaka 1873 mkataba na Waingereza ukafunga soko la watumwa. Forodha ya Sultani ikazidi kuegemea pembe za ndovu, na miaka hiyohiyo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikita makazi Kasongo, misafara yake ikipitia Kabambare, Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Ni kweli Pemba ilinusurika na karafuu zake ziliendelea kuuzwa, kwa hiyo hatuwezi kudai kila nguzo. Hata hivyo, kulieleza jumba hilo bila kuwataja wapagazi wa Maniema, wengi wao watumwa, ni kusoma nusu ya daftari. Atakayeuliza kama basi tunamsifu Tippu Tip ajue kwamba mdai hamsifu mdeni wake.

Mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896 iliangusha mnara uliokuwa mbele ya jumba, lenyewe likabaki wima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka bila adui na kuua watu wawili, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea. Wazanzibari walichelewa, ila walau walianza. Sisi tunayo Tongoni, Kasongo ya zamani iliyotekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis Aprili 1893. Tukijivunia uungwana wetu tunaitaja. Lakini kuipima na kuichora misingi yake tunawangojea wageni.