Meza ya Acacia Ikifika Kipawa

Masika yakikolea, droo nyingi za makabati hapa Kipawa, Dar es Salaam, hugoma kufunguka. Ikifika Julai droo zilezile huteleza bila shida, lakini meza iliyo pembeni yake huanza kuonyesha ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mbao. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza mbao, muuza mbao naye husema ndivyo mti ulivyo. Mti unaonewa. Kinachobana droo na kupasua meza ni maji yaliyomo ndani ya mbao, na mnunuzi anayeyaelewa maji hayo atachagua fanicha vizuri kuliko yule aliyekariri majina ya miti.

Jina linalovuma sasa ni acacia. Ubao wa kukatia nyama, bakuli la matunda, sinia, stuli, meza ya barazani: vyote vinauzwa jijini vikiwa na kibandiko hicho, na rangi yake ya asali yenye michirizi myeusi inavutia kweli. Mteja aliyesoma biolojia kidogo hudhani ananunua mgunga wa Dodoma au wa Serengeti. Siyo huo. Mwaka 2005, Mkutano wa Kimataifa wa Botania uliofanyika Vienna uliamua kwamba jina la kisayansi Acacia libaki kwa jamaa wa Australia, ambao ni spishi zipatazo elfu moja, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukauthibitisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika iliangukia kwenye majina ya Vachellia na Senegalia. Wanasayansi wengi wa Afrika walikasirika, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu jina lenyewe lilianza na mgunga wa Mto Nile.

Kwa hiyo acacia ya dukani mara nyingi ni Acacia mangium, Acacia auriculiformis, au chotara wa miti hiyo miwili, iliyopandwa Vietnam, nchi yenye zaidi ya hekta milioni moja za mashamba ya aina hiyo. Mti huo hauna miiba. Unakua mbio, na mashamba mengi huvunwa kabla mti haujatimiza miaka kumi na miwili. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana unamudu udongo uliochoka. Hapa jirani, Kongowe ya Kibaha, watafiti wa misitu wamewahi kuupanda pamoja na ndugu zake ili kuona unavyostahimili ukanda wetu wa pwani. Ndugu yake mwingine, mwati, uko Njombe tangu kampuni ya TANWAT ianzishwe mwaka 1949, na sifa yake kubwa ni magome yenye tanini ya kulainishia ngozi.

Migunga yetu wenyewe ina mbao ngumu na za kudumu. Wamisri wa kale walijenga mashua na majeneza kwa mgunga wa Nile. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliziandika mashua hizo katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mti wa mshita uliotumika kutengeneza sanduku la agano katika kitabu cha Kutoka, wataalamu wengi wanauweka katika ukoo huohuo. Lakini nenda Keko, ambako nusu ya vitanda na makochi ya jiji hili huonekana kama vimezaliwa huko, uulize kitanda cha mgunga. Hukipati. Shina ni fupi, limepinda, lina mafundo mengi, na linachosha msumeno. Mgunga wetu mwingi huishia kwenye magunia ya mkaa na mipini ya majembe.

Turudi kwenye maji. Ubao ni mamilioni ya seli ndefu, nyembamba, zilizolala pamoja kama matete yaliyofungwa mzigo mmoja. Mti ukikatwa, maji yamejaa ndani ya matundu ya seli na ndani ya kuta zake pia. Maji ya kwenye matundu hutoka kwanza, na yanapotoka ubao haubadiliki umbo hata kidogo. Unapungua uzito tu. Kazi huanza unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu. Hapo maji yanayotoka ni yale yaliyoshikamana na selulosi ya kuta zenyewe, na kila molekuli inayoondoka huacha kuta zisogeleane. Ubao unanywea. Unanywea upana na unene, kwa sababu nyuzi za selulosi zimelala kufuata urefu. Urefu wenyewe karibu haubadiliki. Tena kunywea huko hakulingani: kufuata mzunguko wa pete za mti ni kama mara mbili ya kutoka kiini kuelekea gome. Tofauti hiyo ndiyo inayokunja ubao na kuupasua.

Sasa, hewa nayo ina maji, na ubao hauachi kubadilishana nayo hata baada ya kupigwa vanishi. Dar es Salaam unyevunyevu wa hewa kwa wastani huwa karibu asilimia 75 hadi 80. Ubao uliotulia katika hewa hiyo hubaki na maji ya asilimia 14 au 15. Uhamishie chumba chenye kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa, ambako hewa imeshuka hadi asilimia 50, utashuka taratibu hadi kama asilimia 9.

Hapo ndipo meza ya Vietnam na meza ya Keko zinapoachana, kila moja ikiwa na tatizo la upande wake. Kiwanda cha kuuza nje hukausha mbao kwa tanuri hadi asilimia 8 mpaka 12, kwa sababu wateja wake wengi wako Ulaya na Marekani, kwenye nyumba kavu zenye joto la kutengenezwa. Mbao za mangium hubadilika upana kwa takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya maji. Meza ya sentimita 80 iliyofika na unyevu wa asilimia 10 ikatulia kwenye asilimia 15 hapa Kipawa itatanuka kama sentimita moja. Ikiwa uso wake umefungwa kwa skrubu zisizoruhusu kusogea, utajikunja. Meza ya Keko ya upana huohuo, iliyotengenezwa kwa mbao zilizoshushwa kwenye lori wiki iliyopita, huenda ina asilimia 25. Hiyo itapoteza sentimita mbili nzima, na itazipoteza ikiwa tayari sebuleni kwako.

Mninga ulijipatia heshima yake kwa sababu hii zaidi ya rangi. Kunywea kwake ni kama nusu ya kule kwa miti mingi, hivyo humsamehe fundi mwenye haraka. Acacia haimsamehe. Fundi aliyezoea mninga akiichukua mbao ya mangium na kuifanyia kazi kwa mazoea yaleyale atapata lawama, na jina la mti litaharibika bure.

Utajuaje kama mbao imekauka? Kusikia "imekauka kabisa hii, bosi" hakutoshi, hata kama fundi anasema kwa moyo safi, maana uso wa ubao hukauka siku nyingi kabla ya ndani. Mwombe kipande kilichobaki cha mbao ileile, kilichokatwa katikati ya ubao badala ya mwishoni. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni yenye nyuzi 100 na kidogo, ukipime tena kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Kipande cha gramu 100 kikiishia gramu 87, maji yalikuwa gramu 13 juu ya 87, yaani asilimia 15: mbao hiyo ni ya Dar es Salaam. Kikiishia gramu 80, ni asilimia 25, na unapaswa kusubiri. Asiye na oveni akiweke kipande barazani, kivulini, na kukipima kila baada ya siku kadhaa. Kikiendelea kupungua uzito, mbao haijatulia. Mbao ya unene wa inchi moja iliyopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite huhitaji miezi, na ni afadhali kumlipa fundi arbuni ili ainunue mbao mapema kuliko kumbana amalize Jumamosi.

Kisha inama uangalie chini ya meza. Wanunuzi wachache hufanya hivyo na ndiko kwenye ukweli wote. Uso umeshikwaje na fremu? Tundu la skrubu linapaswa kuwa refu kidogo, ili skrubu iteleze ubao unapotanuka. Paneli ya mlango wa kabati inapaswa kukaa huru kwenye mfereji wake bila gundi. Miguu iingie kwa ulimi na tundu. Misumari peke yake hulegea. Na vanishi iwe imepakwa juu na chini pia, kwa sababu ubao unaokunywa maji upande mmoja lazima ujikunje. Meza nyingi za acacia zimeunganishwa kwa vipande vifupi vya mbao, kwa kuwa miti yake huvunwa ikiwa myembamba. Hilo si udanganyifu, na vipande vikiunganishwa vizuri meza hutulia kuliko ubao mmoja mpana.

Angalia pia rangi. Kahawia ni kiini, sehemu ambayo mti uliijaza kemikali za kujilinda. Sehemu nyeupe ya nje ilikuwa ikisafirisha maji na kuhifadhi wanga, na wanga ndio chakula cha bungua. Ukiona vitundu vidogo na unga laini chini ya stuli, tafuta sehemu nyeupe; bungua wako hapo. Mchwa nao huanzia hukohuko. Baadhi ya watu hupaka oili chafu ya magari kama kinga. Kwa nguzo ya uzio nje huenda mtu akaelewa, lakini oili hiyo ina metali na kemikali za kuleta saratani, na haifai kugusa kitanda cha mtoto wala chombo cha jikoni.

Jikoni, acacia inafaa sana: ubao wa kukatia, ubao wa kusukumia chapati, mwiko, bakuli. Wengi huogopa mbao kwa sababu ya vijidudu, na huona plastiki ni salama zaidi. Katika miaka ya 1990, Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima jambo hilo na kukuta kwamba bakteria waliowekwa juu ya mbao hunyonywa ndani na wengi hufa humo, wakati plastiki iliyochanjwachanjwa na kisu huwahifadhi kwenye mikwaruzo yake. Hiyo haikuondolei kazi ya kusugua ubao kwa sabuni na maji ya moto baada ya kuku mbichi. Usiuloweke tu kwenye beseni pamoja na masufuria. Uoshe pande zote mbili, uusimamishe kivulini, ukauke kwa usawa.

Kisu kilicholowa kikilala juu ya ubao wa acacia usiku kucha huacha alama nyeusi. Tanini ya mti imekutana na chuma cha kisu, na mchanganyiko wao ni uleule waliotumia waandishi wa kale kutengeneza wino. Alama changa hufifia ukiisugua kwa ndimu, kwa kuwa asidi yake hukamata chuma. Kwa sababu hiyohiyo, fanicha ya barazani iungwe kwa skrubu zisizoshika kutu.

Mafuta ya kupaka? Mafuta ya alizeti yaliyobaki jikoni huvunda na kunata. Mafuta ya nazi huvumilia zaidi, lakini hayagandi kuwa ngao, hivyo yachanganye na nta ya nyuki; Tabora na Singida hazijaishiwa nta. Mafuta ya kitani hukauka kweli, kwa kushika oksijeni ya hewa, na kitendo hicho hutoa joto: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje.

Nina sababu nyingine ya kutaka acacia ieleweke. Novemba 2022, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, zilipokutana Panama, mninga na mkongo wa Afrika iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya spishi ambazo biashara yake ya kimataifa lazima idhibitiwe. Mninga huhitaji miongo mingi kufikia unene wa mbao. Mti wa kupandwa unaovunwa ndani ya umri wa mtoto wa shule ya msingi unaweza kuupumzisha, ila kwa sharti moja la ukaushaji, na ukaushaji haupo kwenye karakana nyingi za Keko, Buguruni na hapa kwetu.

Kipima unyevu cha mbao ni kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachopima jinsi umeme unavyopita kwenye ubao, na karakana kumi zinaweza kuchangia kimoja. Vijana wa chuo cha TEHAMA cha VETA hapahapa Kipawa wana uwezo wa kukiunda. Mafundi, kinunueni au kiagizeni, mkiweke mezani mteja akione. Nawe msomaji, ukienda kutoa arbuni ya meza, uliza asilimia ya maji kabla hujauliza bei.